Gari Limejiponya Lenyewe? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Makosa na Mafumbo ya Filamu za Safari na Hatari

Haya ni maswali yanayojirudia kila watu wanapomaliza kutazama filamu ya kusaka hazina, ya maharamia au ya kisiwa chenye majitu, na mmoja wao akasema, "Ngoja, rudisha nyuma kidogo." Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mizizi, mengine ni ya mistari miwili tu. Tahadhari: miisho ya filamu kadhaa za zamani inafichuliwa humu.

Kosa la mwendelezo ni nini?

Ni kitu kubadilika kati ya shoti moja (kipande kilichopigwa na kamera bila kukatwa) na inayofuata bila sababu yoyote ndani ya hadithi. Glasi iliyobaki nusu inajaa tena, jeraha linahama shavu, kola iliyokuwa wazi inajifunga mtu akigeuka. Hadithi haijaguswa, walioteleza ni waliotengeneza.

Kuna tofauti gani na tobo la ploti, yaani la mtiririko wa kisa?

Tobo liko ndani ya hadithi yenyewe: filamu imeweka kanuni, kisha imeivunja, na bila kuivunja kisa kisingesonga mbele. Unaweza kulikuta tobo kwenye muswada kabla kamera haijawashwa, wakati kosa la mwendelezo halipo mpaka shoti mbili ziunganishwe. Halafu kuna kosa la wakati, ambapo kitu kinaonekana kabla hakijabuniwa, na kuna fumbo, yaani jambo ambalo filamu imelinyamazia lakini linaelezeka. Watu huviita vyote vinne "kosa", na hapo ndipo ubishi unapoanza.

Seti imejaa watu. Inakuwaje hakuna aliyeona?

Mara nyingi wameona. Tatizo ni kwamba filamu haipigwi kwa mfuatano unaouona wewe. Chukua Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981: mitaa ya Cairo ilipigwa Tunisia, chumba cha nyoka kikajengwa studio za Elstree nchini Uingereza, na kituo cha nyambizi kikapatikana La Rochelle, Ufaransa. Mtu anayekimbia kutoka jua kali na kuingia gizani huenda amevuka nchi na majuma kadhaa kati ya hatua moja na nyingine. Jasho lake, vumbi la suruali, ndevu za siku mbili, vyote lazima vitengenezwe upya vifanane na vya siku ile.

Baharini ndiyo balaa zaidi. Jaws ya mwaka 1975 ilipangiwa siku 55 za kupiga picha ikaishia siku 159, sehemu kubwa kwa sababu walipiga kwenye bahari halisi na papa wao wa mitambo alikuwa akigoma kila mara. Anga halimsubiri mtu. Ndiyo maana watu watatu ndani ya mashua moja wanazungumza dakika ileile, mmoja ana mawingu nyuma yake na mwenzake ana samawati tupu.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana: wahariri huyaacha makosa wakiwa wanayajua. Walter Murch, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa Apocalypse Now, alipanga vigezo sita vya kuamua wapi pa kukata shoti na kuvipa asilimia: hisia 51, hadithi 23, mdundo 10, mahali jicho la mtazamaji lilipo 7, mpangilio wa picha kwenye skrini 5, na mwisho kabisa mwendelezo wa nani yuko wapi mle chumbani, 4. Kigezo tunachokipigia kelele ndicho kinachoshika mkia. Mpe mhariri mzuri shoti mbili, moja mwigizaji anaumia kwelikweli lakini kofia imekaa vibaya, nyingine kofia iko sawa na uchungu ni wa kuazima. Atachukua ya kwanza na kofia iende zake. Namuunga mkono kabisa.

Hivi hakuna anayelipwa kuyazuia?

Yupo. Ni mtunza mwendelezo, anayekaa karibu na kamera na muswada mkononi. Anaandika glasi ilinyanyuliwa mwigizaji akiwa kwenye neno gani, bastola ilikuwa mkono upi, vifungo vingapi vya shati vimefungwa, mshumaa umebaki urefu gani. Zamani alipiga picha za Polaroid na kuzibandika kwenye daftari. Siku hizi anatumia kamera ya dijitali au kompyuta bapa. Lakini kazi yake ni kuonya. Mwongozaji akisema shoti inafaa, inafaa.

Mbona mwenzangu anayaona na mimi siyaoni?

Wengi wako upande wako. Mwaka 1997 wanasaikolojia Daniel Levin na Daniel Simons walitengeneza filamu fupi ya wanawake wawili wakizungumza mezani, wakapachika humo makosa tisa kwa makusudi: skafu inatoweka na kurudi, sahani zinabadilika rangi. Watu walipoitazama mara ya kwanza, karibu hakuna aliyegundua lolote. Jicho hufuata nyuso na hasa macho ya anayezungumza, na badiliko linalotokea wakati uleule shoti inapokatwa halina mwendo wa kulishtua jicho.

Anayeona haraka hana macho makali kuliko yako. Anaangalia pale ambapo filamu haikumwelekeza.

Basi niangalie wapi?

Anza na vitu vinavyopungua au kukua vyenyewe: vinywaji, chakula kwenye sahani, sigara, mishumaa, barafu, mikono ya saa ya ukutani. Mazungumzo ya dakika mbili mezani yanaweza kuwa yamepigwa mchana kutwa, na kila mara wanaporudia shoti sahani hujazwa upya. Mtazame anayesikiliza badala ya anayesema. Mkono wake ulikuwa kidevuni, kamera ikahamia upande wa pili, sasa uko mezani.

Kisha angalia mwili wa stelingi baada ya kila pambano. Damu, tope, maji na michaniko ni shida kubwa kuirudia sawasawa. Mtu anatoka mtoni amelowa chapachapa na baada ya shoti mbili nywele zimekauka na zimechanwa. Magari nayo hupona upesi kuliko binadamu: katika Commando ya mwaka 1985, Porsche ya njano inalala ubavu na kupondeka, stelingi anaisimamisha, na anapoondoka nayo haina hata mkwaruzo. Na katika Diamonds Are Forever ya mwaka 1971, Mustang ya James Bond inaingia kichochoroni ikiwa imesimama kwa magurudumu ya upande mmoja, inatokea upande wa pili ikiwa imesimama kwa yale mengine. Watengenezaji walijua. Wakachomeka shoti fupi ya gari likijigeuza humo ndani, kwenye uchochoro ambao gari halina nafasi ya kujigeuza, wakidhani wameponya jambo. Kwangu mimi kiraka kile ndicho kinachochekesha kuliko kosa lenyewe.

Baada ya hapo nenda pembezoni mwa picha. Katika filamu ya kwanza ya Pirates of the Caribbean, ya mwaka 2003, Jack Sparrow akiwaamuru mabaharia wake ndani ya meli, ukingoni mwa picha anaonekana mtu mwenye kofia ya cowboy na miwani ya jua, ametazama baharini bila wasiwasi: mfanyakazi wa seti aliyesahau kujificha. Katika Gladiator ya mwaka 2000, gari la farasi linapinduka uwanjani na nguo iliyofunika sehemu ya nyuma inafunuka. Ndani kuna mtungi wa gesi. Vitu vya aina hii huonekana pale ambapo picha imetikisika na kila mtu anatazama katikati.

Mwisho, watazame wale waliojazwa nyuma. Kosa ninalolipenda kuliko yote liko kwenye North by Northwest ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1959. Ndani ya mgahawa wa Mount Rushmore, Eva Marie Saint anakaribia kutoa bastola. Nyuma yake ameketi mtoto wa kiume, na kabla bastola haijalia, mtoto anaziba masikio. Alishaisikia kwenye majaribio, naye hakuwa na mpango wa kuumia tena.

Nionyeshe kosa moja ninaloweza kulihakiki mwenyewe kwa hesabu.

Rudi Raiders of the Lost Ark. Indy, yaani mtafuta hazina Indiana Jones, na rafiki yake Sallah wanatafuta Sanduku la Agano, na wanapeleka kidani cha shaba kwa mzee anayejua kusoma maandishi yake. Mzee anasoma upande mmoja: fimbo ya kukibeba kidani, itakayoelekeza mwale wa jua mahali pa kuchimba, iwe na urefu wa kadam sita (kadam ni kipimo cha urefu). Sallah anakadiria kuwa ni kama inchi 72. Kisha mzee anageuza kidani na kusoma upande wa pili: punguza kadam moja kwa heshima ya Mungu wa Waebrania. Indy na Sallah wanatazamana na kufurahi, kwa sababu wapinzani wao, Wanazi, wana nakala ya upande mmoja tu, fimbo yao ni ndefu mno, na wanachimba mahali pasipo.

Piga hesabu. Inchi 72 kwa kadam sita ni inchi 12 kila moja. Toa moja, zinabaki inchi 60, yaani kama mita moja na nusu. Sasa nenda kwenye chumba cha ramani, Indy anaposimamisha fimbo yake kuusubiri mwale wa jua. Fimbo inampita kichwa. Harrison Ford si mtu mfupi hata kidogo. Fimbo ya mita moja na nusu ilipaswa kumfika kifuani au begani.

Hili ni la aina gani? Si la mwendelezo, maana fimbo haibadiliki kati ya shoti na shoti. Ni hesabu ya muswada kutokukutana na kifaa cha seti. Nadhani fimbo fupi isingependeza kwenye picha: mwale ulihitaji kushuka kutoka juu, na mtu aliyejiinamia juu ya kifimbo hana haiba ya mtafuta hazina.

Makosa ya wakati nayakamataje?

Hapa macho hayatoshi, unahitaji tarehe. Kwanza tafuta filamu inasema iko mwaka gani, kisha chagua kitu kimoja chenye mwaka unaojulikana: ala ya muziki, silaha, ramani, jina la nchi. Raiders iko mwaka 1936, lakini kwenye ramani ya safari ya ndege kumeandikwa Thailand, nchi ambayo wakati huo iliitwa Siam na kubadili jina mwaka 1939. Katika Back to the Future, Marty, kijana aliyesafiri kurudi nyuma kwa wakati, anapiga gitaa aina ya Gibson ES-345 kwenye dansi ya mwaka 1955. Gitaa hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1958. Robin Hood wa mwaka 1991, aliyeigizwa na Kevin Costner, yuko karne ya 12 na mwenzake Azeem anatumia darubini, chombo kilichojitokeza Uholanzi mwaka 1608.

Mengine hayaonekani, yanasikika. Jack wa Titanic anasimulia jinsi alivyovua samaki utotoni kwenye Lake Wissota. Ziwa hilo lilitokana na bwawa lililojengwa miaka kadhaa baada ya meli kuzama mwaka 1912.

Na jiografia?

Robin Hood huyohuyo anastahili tuzo. Anashuka kwenye majabali meupe ya kusini mwa Uingereza na kusema kuwa usiku hautaingia kabla hawajafika kwa baba yake kusherehekea. Nyumbani ni pande za Nottingham, takriban kilomita 300 kutoka hapo, nao wanakwenda kwa miguu. Shoti inayofuata wako kwenye Hadrian's Wall, ukuta wa kale wa Warumi, chini ya mti maarufu wa Sycamore Gap (uliokatwa na wahalifu mwaka 2023), mbali kaskazini ya Nottingham. Wameipita nyumba, wakaiacha zaidi ya kilomita 200 nyuma, na bado ni siku ileile.

Wanyama nao wana jiografia yao. Filamu za Tarzan za miaka ya 1930 ziliwatumia tembo wa Asia waliofungwa masikio ya bandia ili wafanane na wa Afrika. Na ule mlio wa kicheko unaosikika kwenye misitu ya filamu za zamani, popote pale duniani, ni wa ndege kookaburra, ambaye makazi yake ni Australia na New Guinea. Mwindaji wa makosa akishaujua mlio huo hawezi tena kutousikia.

Katika Jurassic Park ya mwaka 1993 kosa ni la ramani ya mahali pamoja. Dinosaria aina ya T. rex anavunja uzio na kutoka kwa miguu yake kwenye ardhi tambarare, palepale alipofungwa mbuzi. Dakika chache baadaye gari linasukumwa kuvuka ukuta uleule na kudondoka kwenye korongo refu. Watetezi husema korongo liko pembeni kidogo ya lile lango la mbuzi. Inawezekana, ila filamu haikutuonyesha, na ramani asiyoiona mtazamaji haimsaidii.

Watu wawili wanazungumza lakini wanaonekana wanatazama upande mmoja. Ni kosa?

Mara nyingi kamera imevuka mstari wa kufikirika unaowaunganisha wawili hao. Kanuni ya nyuzi 180 inataka kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo ili aliye kushoto abaki kushoto. Kwenye mapigano mwongozaji huivunja makusudi akuchanganye. Kwenye mazungumzo ya utulivu ni uzembe.

Nimeona kipaza sauti juu ya vichwa vyao. Nimewanasa?

Polepole. Filamu nyingi za zamani zilipigwa kwenye utepe wenye picha ndefu kuliko ile iliyokusudiwa kuonyeshwa; juu na chini palizibwa wakati wa kuonyesha. Mwendesha projekta akikosea kuziba, au toleo la televisheni likifunguliwa lote, unaona vitu ambavyo mwongozaji hakuwahi kuviweka kwenye picha yake. Mfano mtamu ni Pee-wee's Big Adventure ya mwaka 1985. Pee-wee anafunga baiskeli yake kwa mnyororo, anauvuta kutoka kwenye kisanduku kidogo cha baiskeli, anauvuta tena, hauishi, na hapo ndipo kichekesho. Kwenye matoleo ya zamani ya video yaliyofunguliwa chini, mnyororo unaonekana wazi ukipandishwa kutoka chini ya baiskeli kupitia tundu. Kichekesho kimeuawa na aliyetengeneza kanda. Kabla ya kumlaumu mtu, hakikisha unatazama picha yenye umbo ambalo filamu ilikusudiwa.

Nitajuaje kuwa ni tobo la ploti kweli na si mimi tu nisingefanya vile?

Mhusika kufanya ujinga si tobo. Watu waliochoka, wenye hofu au wenye tamaa hufanya ujinga, na filamu za hazina zimejaa watu wenye tamaa. Uliza: filamu imesema jambo hili haliwezekani, kisha ikalifanya? Kama jibu ni hapana, huna tobo mkononi.

Swali la tai wa The Lord of the Rings ndilo linalovuta watu kuliko yote: mbona tai wakubwa wanaowaokoa mashujaa hawakumrusha Frodo na pete moja kwa moja hadi Mordor, nchi ya adui ambako pete ilipaswa kuharibiwa? Filamu hazikusema popote kuwa tai wako tayari kubeba yeyote kwenda popote. Zimeonyesha jicho la adui linaloona mbali na maadui wanaoruka. Tolkien mwenyewe, akitoa maoni mwaka 1958 juu ya muswada wa filamu uliokuwa umependekezwa, aliwaita tai chombo cha hatari ambacho alikuwa amekitumia kwa kubana. Alijua wakizoeleka watakula hadithi yote. Mimi nalihesabu kama fumbo lililonyamaziwa. Sentensi moja kutoka kwa mchawi Gandalf ingelimaliza, na haikuwekwa.

Katika Raiders, Indy alisafirije juu ya nyambizi ya Wanazi mpaka kisiwani bila kuzama?

Anaiogelea, anapanda juu yake, mabaharia wanamshangilia, mstari mwekundu unakatiza ramani, na tayari amefika. Kwenye muswada alijifunga kwenye periskopu kwa mjeledi wake. Sehemu hiyo haimo katika filamu tunayoijua. Pia nyambizi za miaka ile zilisafiri sehemu kubwa ya njia zikiwa juu ya maji na kuzama pale tu ilipolazimu. Hili ni fumbo linaloelezeka, ingawa jibu liliachwa nje.

Ni kweli kwamba Indy asingekuwepo, mambo yangeisha vilevile?

Hoja inakwenda hivi: Wanazi wangelipata Sanduku la Agano, wangelifungua, wangekufa; Indy hana alichobadilisha. Inapendeza kuisema, lakini ukiifuata hatua kwa hatua inalegea. Mtu wao alikuwa ndani ya ndege ileile ya Indy, amejificha nyuma ya jarida, kwa hiyo Indy ndiye aliyewafikisha kwa Marion, mpenzi wake wa zamani, na kwenye kidani. Kisha walichimba pasipo mpaka yeye alipochimba panapo, wakamnyang'anya. Bila Indy huenda Sanduku lingebaki chini ya mchanga, na Marion angekuwa salama kwenye baa yake. Kwa maneno mengine alibadilisha mengi, karibu yote kuelekea pabaya! Mwishoni kabisa ndipo anapofaa: anajua wafumbe macho, na yupo wa kuliondoa Sanduku kisiwani.

Hayo yote hayahusu tobo. Ni swali la kama stelingi lazima awe ndiye anayeshinda, na filamu imechagua jibu lisilo la kawaida.

Filamu ya pili ya Indiana Jones inakuja kabla ya ya kwanza?

Ndiyo, na hapa wengi hupotea. Indiana Jones and the Temple of Doom ilitoka mwaka 1984 lakini iko mwaka 1935, mwaka mmoja kabla ya Raiders. Kuna sehemu Indy anakutana na watu wawili wenye mapanga, anatabasamu, anapeleka mkono kwenye bastola, na haipo. Mtazamaji anacheka kwa sababu anakumbuka yule wa panga aliyepigwa risasi sokoni. Ila kwa kalenda ya hadithi, Indy bado hajakutana na yule wa sokoni. Mzaha ni wa mtazamaji, haukukusudiwa kwa mhusika.

Lenye uzito zaidi ni hili: mwaka 1935 ameshaona moyo ukitolewa kifuani mwa mtu aliye hai na mawe yakiwaka kwa nguvu zake. Mwaka 1936 anamwambia rafiki yake Marcus kuwa haamini mambo ya kichawi. Hapo nipo tayari kusema tobo, dogo, limechimbwa na uamuzi wa kurudisha tarehe nyuma.

Wenyeji wa kisiwa cha King Kong walijenga lango kubwa la nini, kama walitaka asipite?

Filamu ya mwaka 1933 inasema ukuta ulijengwa na ustaarabu wa kale uliosahaulika, na wenyeji wa sasa wameurithi tu. Hilo linasogeza swali nyuma bila kulijibu. Jibu la karakana ni rahisi zaidi: ukuta ulitokana na seti iliyobaki ya The King of Kings ya mwaka 1927. Seti hiyohiyo ilichomwa moto baadaye kwa ajili ya Gone with the Wind. Na tusidanganyane, Kong lazima avunje kitu.

Kong mwenyewe hukua safarini. Kisiwani alikadiriwa kuwa na futi 18. New York, futi 24. Merian C. Cooper alilitaka hivyo, kwa sababu nyani wa futi 18 angepotea kati ya maghorofa.

Filamu ya baadaye ikilieleza tobo, tobo limezibwa?

Katika Star Wars ya mwaka 1977 Han Solo anajigamba kwamba meli yake ilimaliza njia ya Kessel kwa chini ya parsek 12, kana kwamba parsek ni muda. Ni umbali, takriban miaka ya nuru 3.26. Mwaka 2018 filamu ya Solo ikaonyesha kuwa alikata njia ya mkato ya hatari, hivyo umbali ndio sifa. Ufundi mzuri, lakini kilichoongezwa baada ya miaka 41 ni kiraka. Mtazamaji wa 1977 alikuwa na haki ya kucheka.

Kuna vitu vinavyofanana na makosa kumbe si makosa?

Vipo, na ni utamu wa pekee. Mwanzoni mwa Back to the Future eneo la maduka linaitwa Twin Pines Mall, misonobari miwili. Mwishoni bango linasomeka Lone Pine Mall, msonobari mmoja. Aliyekuwa na haraka ataandika kosa. Aliyetulia atakumbuka kwamba Marty, alipofika mwaka 1955, aligonga msonobari mmoja kwa gari. Hakuna mhusika anayelitaja.

Kinyume chake ni uvumi. Kwa miaka mingi watu wamesema kwenye The Wizard of Oz ya mwaka 1939 anaonekana mtu aliyejinyonga kati ya miti. Ni ndege mkubwa, mmoja wa waliowekwa kwenye seti kupamba msitu, anatanua mabawa. Kanda mbovu za video ndizo zilizompa umbo la mtu.

Wakilirekebisha kosa kwenye toleo jipya, bado nilihesabu?

Lihesabu, ila taja toleo. Katika Raiders, Indy anaangukia mbele ya fira, na kati yao kuna kioo cha usalama. Kwa miaka mingi taswira ya nyoka ilionekana kwenye kioo hicho, mpaka ilipofutwa kwa kompyuta katika toleo la DVD la mwaka 2003. Titanic ilipotolewa upya mwaka 2012, James Cameron alibadilisha nyota za angani baada ya mwanaastronomia Neil deGrasse Tyson kumlalamikia kuwa hazikuwa za usiku ule. Star Wars walifanya kinyume: askari mmoja anajigonga kichwa kwenye mlango, na toleo la DVD la mwaka 2004 likamwongezea sauti ya kugonga. Kosa limepewa cheo.

Nimeona kitu ambacho sijasikia mtu akikitaja. Nifanye nini kabla sijatangaza?

Kitazame tena sauti ikiwa imezimwa, shoti iliyotangulia na inayofuata, mara kadhaa. Angalia kama kuna muda umepita kati yake. Mtu anaweza kuwa amevua koti wakati hatumtazami. Tazama filamu mpaka mwisho, kwa sababu ya ile misonobari. Kisha andika toleo, saa, dakika na sekunde, na kilichobadilika kutoka nini kuwa nini. "Kofia yake ilibadilika pale jangwani" haimsaidii mtu. "Utepe wa kofia una fundo kushoto anapopanda ngamia, na kulia ngamia anaposimama" unamwezesha mwingine kwenda kuhakiki na kukubishia.